Chini ya Sakafu ya Kristofa

Msukuma akipata hela ananunua ng'ombe. Kristofa Mahona alipopunguzwa kazi kiwandani na kupewa kiinua mgongo chake, alinunua nyumba mbovu yenye sakafu ya mbao. Sasa niambie, jirani yako akifanya hivyo, wewe utalala usingizi?

Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara, hapahapa Bariadi mjini, na usingizi ulinipaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya meneja wa zamani wa kiwanda hichohicho cha kuchambulia pamba, na zilipoanza kuuzwa mali za umma, hiyo ilikosa mtu. Mchwa walikuwa wamekula mbao, nyingine zimeoza, na ukikanyaga chini kunalia kama debe tupu. Tangu utoto tunasikia kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia rupia zake, sarafu za fedha, chini ya nyumba. Kwamba nyumba ile ilijengwa na Mwingereza, miaka mingi baadaye, hilo halikumsumbua mtu.

Halafu Kristofa alikuwa mtu wa mizani, ndiye aliyepima pamba za wakulima pale kiwandani. Mkulima hamwamini mtu wa mizani hata akimwambia leo ni Jumatatu. Mama yake mzazi, bibi Kwandu, alipoleta pamba kutoka kijijini Ngulyati alisimama ubavuni mwa mizani na kuukodolea mshale macho, na anayepima ni mwanawe wa kumzaa.

Kazi ya sakafu aliifanya mwenyewe. Aling'oa mbao zilizooza akaweka za mninga, akapiga randa, akapiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe, akaziba nyufa kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Kisha akaleta makopo ya rangi ya mafuta, ile ya damu ya mzee, na hapo ndipo aliponiudhi. Alifunga madirisha yote mchana kweupe. Nikavuka barabara kumuuliza.

"Vumbi, Mama Sayi," akasema. "Malori ya hawa wanunuzi binafsi wa pamba hayapumziki. Rangi mbichi ikishika vumbi imeharibika."

Jibu zuri. Mwenye lake moyoni hakosi jibu.

Alisema nyumba anamtengenezea mama yake. Hapo sikumbishia. Bibi Kwandu alikuwa anaishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na Usukumani macho mekundu ya bibi kizee yanazua maneno ya uchawi. Kule Ngulyati maneno yalikuwa yameshaanza. Usiku mmoja walimrushia mawe juu ya bati. Kristofa alikuwa na haki ya kuogopa.

Basi rangi ilipokauka akamleta. Sakafu iling'aa, nasema kweli, mpaka nikaona haya kuvaa kandambili ndani. Bibi aliingia, akagonga mbao kwa fimbo yake, akasimama.

"Chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, mayu. Ni uwazi tu, mbao zisioze."

"Mtu haachi uwazi bure," akasema bibi, na akarudi kukaa barazani na mzigo wake.

Maneno yale yalifika mtaani kabla ya jioni. Balozi wetu wa nyumba kumi, Shigela, akaja na watu nyuma yake. Akasema kwa upole kwamba watu wananong'ona, afadhali Kristofa afungue waone, yaishe. Kristofa akakataa. Alisema hiyo ni nyumba yake na jasho lake. Ndipo bibi aliposema kutoka barazani, "Mimi silali juu ya kitu nisichokijua."

 Kristofa akaenda kuleta mtaimbo.

Mbao zilipong'oka rangi ilichanika, na mimi niliyemshuku kuliko wote niliumia moyo. Chini palikuwa na mchanga mkavu, mbegu za pamba, mavi ya panya, na kopo la sigara lililoliwa na kutu. Shigela alilitikisa, halikulia. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakimpa pole. Mmoja alinung'unika mbona kafungua chumba kimoja. Swali hilo hata mimi nilikuwa nalo.

Nilijibanza nyuma ya mlango, sikuwa na haraka. Bibi Kwandu aliinuka, akaingia taratibu, akainama kuchungulia lile shimo kwa macho yake mekundu. Aliporidhika kwamba watu wamekwenda, alimshika mwanawe mkono, akanong'ona.

"Ng'wana wane, wameondoka. Niambie mimi mama yako. Umehamishia wapi?"

"Mayu, hakuna kitu. Hakijawahi kuwepo. Naapa kwa Mungu."

"Hata mimi unanificha?"

"Mayu, kaa. Nakuomba ukae. Kule watakuua."

"Kule wanaonichukia wananiambia usoni," akasema bibi.

Akajitwisha mzigo wake, akashika njia ya Ngulyati.