Mistari Mitatu Kuelekea Jikoni

Niliondoka Nyanchwa nikiwa na sababu moja: mwalimu Kemunto wa Ekerenyo aliomba tumpimie umbali kutoka chemchemi hadi nyumbani kwao, mama yake apumzike kubeba maji. Mabomba yangeagizwa mara moja tu. Yakipungua, hakuna mengine.

Saa mbili asubuhi mimi na mwenzangu Mutua, Wakamba wawili wenye diploma mpya, tulipita Sironga. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani ya chai.

Ekerenyo, Kemunto alitupokea kwa uji wa wimbi. Kutandaza utepe katikati ya chai iliyosongamana kungetuchosha, kwa hiyo nilisimamisha darubini ya upimaji chemchemini. Ndani ya kioo chake mna mistari mitatu ya mlalo. Unasoma wa juu na wa chini kwenye ubao wa vipimo ulioshikwa mbali, unatoa, unazidisha kwa mia, unapata umbali.

“Ubao ushikwe kwa baba,” Kemunto aliagiza, na Mutua akaenda hadi nyumba alimoketi mzee. Nikasoma: mita mia moja na kumi na nne. Mabomba ishirini ya mita sita yangetosha. Nilikwisha kutoa simu niagize, nikamkaribisha Kemunto achungulie kwanza.

Alichungulia kwa muda.

“Injinia, mbona Mutua amesimama kwa tata?”

“Si ulisema kwa baba?”

“Huyo ni tata, mnayemwita baba. Kwetu Wagusii baba ni mama.” Alicheka hadi akashika magoti. “Ungempelekea maji mwanamume ambaye hajabeba mtungi hata siku moja.”

Nikairudisha simu mfukoni. Mutua alisogea hadi jiko la mama, nyuma ya migomba, nasi tukafyeka majani mawili yaliyoziba. Mita mia moja na thelathini na nane. Niliagiza mabomba ishirini na manne, moja likiwa la akiba.

Alasiri tulirudi Nyanchwa. Katika ripoti niliandika vipimo vyote viwili, na kosa langu kati yavyo, kwa kuwa mtaalamu anayeficha kosa hudanganya watu waliomwamini. Darubini ilisema kweli mara zote mbili. Tangu siku ile, kabla ya kuuliza ni mbali kiasi gani, nauliza ni nani anayeteka maji, kisha naomba nioneshwe mlango wake.