Sauti ya Nne katika Ubeti wa Tatu

Laptop yangu ilikuwa imechoka betri. Ukichomoa chaja inazima hapo hapo, kwa hivyo ilikaa mezani kwangu Kiplombe ikiwa imechomekwa kwa stima asubuhi hadi jioni. Haikunisumbua. Kazi yangu ni ya maabara hospitalini, na nyumbani laptop niliitumia karibu kwa jambo moja tu, muziki. Jumamosi mchana, nguo zikiwa kwenye kamba, nilivaa headphone na kusikiliza zile nyimbo za gitaa za kwetu kandokando ya ziwa, nilizokuwa nikizisikia kwa redio ya baba nikiwa mdogo.

Katika laptop hiyo hiyo ndimo tuliweka wimbo wa Mwalimu. Mwalimu ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa letu. Ni mama wa makamo anayefundisha hesabu shule ya upili, na kwao ni Chepsaita. Mama yake aliimba kwaya huko enzi za ujana wake, na kilichobaki cha kwaya ile ni kaseti moja. Fundi wa redio mjini alituhamishia wimbo mmoja kutoka kwenye kaseti hadi kwa flash, wimbo wa kushukuru mavuno. Kanisa la Chepsaita lilikuwa limetualika tuuimbe kwenye ibada ya shukrani, waimbaji wa zamani waliobaki wakiwepo, mama huyo akiwa mmoja wao.

Mwalimu alikuja kwangu jioni kadhaa kuusikiliza na kuandika noti zake. Mke wangu alimletea chai, ikapoa. Siku moja alifika ubeti wa tatu akasimamisha wimbo, akanipa headphone.

"Sikiza hapa. Wanaume wa sauti ya nne hawaimbi maneno. Wanavuma tu."

Nikasikiza. Kweli, chini ya sauti za wanawake kulikuwa na mvumo mzito, noti moja isiyopanda wala kushuka.

"Kama nyuki kwa mzinga," nikasema.

"Hiyo ndiyo inafanya huu wimbo uwe mzuri hivi," Mwalimu akaniambia, na akaandika.

Mimi mwenyewe ni wa sauti ya nne, yaani besi. Tulifunzwa kuvuma ubeti mzima bila kukatika, mmoja akivuta pumzi wenzake wanashikilia. Si kazi rahisi, lakini ilikuwa tamu. Tulipoujaribu kanisani kwetu, watu walifumba macho. Mchungaji alisema alihisi sakafu ikitetemeka. Siku hiyo Mwalimu alitembea kuelekea nyumbani polepole, akimwamkia kila mtu.

Ni mwenzangu wa kazini aliyenitia tamaa ya kununua kijisanduku cha sauti. Nilimlalamikia kwamba headphone zangu zimeharibika, nyimbo zote zina mchakacho.

"Si headphone," akasema. "Muziki ndani ya kompyuta ni namba tu. Lazima kitu kigeuze zile namba ziwe sauti. Kitu hicho ndani ya laptop yako ni hafifu, halafu kimebanwa katikati ya feni na nyaya za stima. Tafuta cha nje."

Nilikipata katika duka la vifaa vya simu mjini, na hakikuwa cha bei kali. Ni kidogo kama kiberiti. Upande mmoja unachomeka kwa laptop pale pa flash, upande wa pili unachomeka headphone. Nilikibeba mfukoni pamoja na funguo, nikiwa nusu ninaamini kwamba nimedanganywa.

Nilianza na nyimbo za kwetu. Muziki haukuongezeka nguvu, wala sikulia machozi kama wanavyoandika watu mtandaoni. Kilichobadilika ni kwamba nyuma ya muziki palitulia, kama vile mtu amezima friji ambayo hukujua inanguruma. Gitaa la pili, ambalo miaka yote nililidhani ni mwangwi wa lile la kwanza, lilijitenga likawa na mambo yake. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya waya. Nikakaa hapo mpaka mke wangu akaniuliza kama sili.

Baada ya chakula nikafungua wimbo wa Mwalimu. Mchakacho wa kaseti ulikuwa bado upo, maana huo uko ndani ya kaseti yenyewe na hakuna kijisanduku cha kuuondoa. Lakini ubeti wa tatu ulipofika, wanaume hawakuwepo. Hakuna mvumo. Palikuwa na wanawake peke yao, na nyuma yao kitu kama viatu vikipiga sakafu, halafu kama mlango.

Nikafikiri kijisanduku kimemeza besi. Nikarudi ubeti wa kwanza, besi ipo, tena nzito kuliko nilivyowahi kuisikia. Ubeti wa nne pia ipo. Nikachomoa headphone nikazirudisha kwenye tundu la zamani la laptop. Mvumo ukarudi. Nikasimamisha wimbo bila kuvua headphone, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya.

Wimbo ulinyamaza. Mvumo ukaendelea.

"Mbona umekaa hivyo?" mke wangu akauliza.

"Tumekuwa tukiimba stima," nikamwambia.

Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi. Kwa bahati tu ule mngurumo wa chaja ulikuwa umelingana na wimbo, na penye sauti nyingi ulijificha, ukajitokeza pale palipo kimya. Kisha mke wangu akaacha kucheka.

"Na Mwalimu?"

Ibada ya Chepsaita ilikuwa Jumapili iliyofuata. Nikasema labda tunyamaze, watu wanaupenda.

"Mama yake aliimba huo wimbo," akasema. "Unadhani hatajua?"

Nikampigia Mwalimu simu. Alikuja akitoka shuleni, chaki ikiwa bado kwenye mkono wa sweta. Sikumweleza mengi, nilimpa headphone tu. Alisikiza kwa kijisanduku, akasikiza kwa tundu la zamani, akarudia tena. Mwishowe alisimamisha wimbo mwenyewe na kubaki akisikiza ule mvumo peke yake. Akavua headphone, akaukunja waya wake vizuri.

"Nimefunza wanaume wazima kuiga chaja," akasema.

Mke wangu alimmiminia chai, na safari hii akainywa yote.

"Basi mtanyamaza," akasema baadaye. "Ikiwa wao walinyamaza, na sisi tunanyamaza."

Kwenye mazoezi aliwaambia wote ukweli mwenyewe, bila kuzunguka. Mwenzetu mmoja akasema kwa huzuni kwamba mvumo huo ndio sehemu pekee aliyokuwa anaiweza. Hapo Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza, na sisi sote tukafuata.

Jumapili tukaenda Chepsaita. Kanisa lilijaa, na magunia ya mahindi yalipangwa mbele ya madhabahu. Mama yake Mwalimu aliketi kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani. Tukaimba. Ubeti wa tatu sisi wanaume tukafunga midomo, na wimbo ukawa mwembamba kama uzi. Nilimwona yule mama akiinama mbele, kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa.

Baada ya ibada alitukaribisha kwake. Mwalimu akaketi kando yake.

"Mama, umeonaje?"

"Mmeimba vizuri. Lakini hawa wanaume walikuwa na nini kwa ule ubeti wa tatu?"

"Kwa kaseti wamenyamaza, Mama. Tumefuata kaseti."

Mama akatuangalia mmoja mmoja.

"Hawakunyamaza. Walitoka. Siku hiyo ya kurekodi mahindi yalikuwa yameanikwa nje, na mvua ikaanza. Wanaume wakakimbia kufunika, wakarudi ubeti wa nne wakihema. Mwenye mashine alikuwa na kaseti moja tu, akasema iwe hivyo hivyo."

"Nilisikia viatu," nikasema. "Na mlango."

"Ni wao. Baba yenu alitangulia, mahindi mengi yalikuwa yake."

Aliposema baba yenu alikuwa anamtazama Mwalimu. Mzee huyo alikuwa ameshafariki zamani. Mwalimu aligeuka akaniuliza kama viatu hivyo vinasikika vizuri, nikamwambia vinasikika. Akasema atapita kwangu Jumanne.

"Kwani ubeti wenyewe wa besi unaendaje, Mama?" akauliza mmoja wetu.

Mama akaweka kikombe chini, akakohoa kidogo, akatuimbia sauti ya nne kwa sauti yake nyembamba ya uzee. Ilikuwa na maneno, na ilipanda na kushuka mahali ambapo hatukutarajia. Tukamfuata. Mara ya kwanza tulipotea. Mara ya pili akatusimamisha kwa mkono.

"Msikimbie. Mvua haijaanza."

Tukarudia polepole, tumekaa hapo kwa viti vyake, mpaka akaridhika na kuchukua tena chai yake.