Kifurushi cha Bibi na Karatasi ya Sosholojia

Hata leo naikumbuka, mwanangu, ile Jumamosi niliyorudi Koboko na karatasi ya sosholojia mkononi. Nilikuwa nasoma kidato cha tano Arua, na mwalimu alikuwa ametuagiza tukawahoji wazee wa nyumbani: kabila gani, ulizaliwa wapi, ulifika hapa lini.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa barazani akisuka kifuniko cha sinia. Nilimsalimu harakaharaka, nikavuta kigoda, nikatoa kalamu. Nilijiona msomi kwelikweli. Kuuliza si ujinga, ati!

"Bibi, kabila lako gani?" nikasoma.

Akanitazama. "Nani natuma wewe?"

"Mwalimu. Hapa ulifika lini?"

Aliweka kazi yake chini, akaingia ndani. Nilipomfuata nikamkuta anafunga sufuria na blanketi kwenye shuka. Nilibabaika. Kwanza nilidhani amekasirika, halafu nikadhani ana homa. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Mutu ya karatasi nakuja mbele," akasema, "halafu askari nakuja nyuma. Ile maswali mimi najua. Ile mara ya vita sisi nakimbia Kongo, hata chumvi naacha."

Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na aliyemtetemesha ni mimi, mjukuu wake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mimi, habari za huyo nyoka hakuna aliyewahi kunisimulia. Nililia kwa aibu. Nilimbembeleza mpaka akaketi, ila kufungua mzigo alikataa. Kile kifurushi kilikaa nyuma ya mlango mpaka alipofariki.

Karatasi niliirudisha tupu. Mwalimu akanipa sufuri, na sijui kama alikosea. Wala sijui ningeandika nini: Bibi alizaliwa Mlugbara wa Manibe, akaolewa na Mnubi, akazeeka Koboko. Kisanduku cha kabila kilikuwa kimoja tu.

Sasa nawe umeniletea karatasi yako. Sikiliza, mwanangu: ukienda kwa mtu, keti kwanza. Mjulie hali, unywe chai yake. Mwambie nani amekutuma na majibu yake yanakwenda wapi. Akinyamaza, nyamaza naye. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi.

Mungu akupe masikio kabla ya kalamu, na kila utakapobisha hodi, afunguaye asitetemeke.

Haya, weka hiyo kalamu chini, nikumiminie chai. Kisha uniulize.