Sauti ya Jino la Nyuma

Ofisini tunamwita Mgonjwa, naye huitika bila kinyongo. Kazi yake ni kulia. Katika mchezo wetu wa simu, watoto wadogo hujifanya madaktari wa meno, na kila jino wanaloligusa hutoa kilio alichokirekodi yeye. Kabla ya kurekodi hunywa maji ya uvuguvugu, huvua bangili zisilie, kisha hushika shavu kwa vidole viwili, kana kwamba anamzuia mtu asitoke humo. "Leo niumie kiasi gani, wanangu?" hutuuliza. "Kidogo tu, mama, watoto wasije wakakimbia," fundi wa sauti humjibu.

Wiki iliyopita, tulipofika kwenye jino la nyuma, alitoa mlio mwembamba ambao hatukuwahi kuusikia. Tulimpigia makofi kutoka upande wetu wa kioo cha chumba cha kurekodia. "Hapo hapo, mama, rudia." Akarudia, machozi yakimchuruzika, kiganja kikigonga kioo. Tukacheka, tukidhani anaigiza. Alipotoka, shavu lilikuwa limevimba. Jioni hiyo hiyo jino liling'olewa.

Mlio wenyewe ulibaki mchezoni, na watoto wameupenda kuliko yote. Jana nilikwenda kumjulia hali. Mjukuu wake alikuwa ameinamia simu, akiligusa jino la nyuma bila kuchoka, na kila mlio ulipotoka, ulimi wa Mgonjwa ulipapasa pengo.

"Bibi, mbona huyu haponi?"

"Mpumzishe kidogo, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Ukiligusa, linaniuma."