Iko Rouge, Papa

Mimi ni mbishi, sikatai. Nilikwenda Molenbeek, huko ughaibuni, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu nikiwa nimeapishwa jambo moja tu: nisibishane na baba yake. Mzee alichimba shaba Katanga ujana wake wote, na ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu posa yangu.

Nilidumu kama robo saa.

"Alors, mutoto, unasomaka nini?"

"Historia ya mgodi wa zebaki, papa. Uko milimani, jangwani huko, umeachwa siku nyingi."

"Zebaki njo nini?"

Kiswahili changu cha Tanga hakikumfikia, nikamtafsiria kwa Kifaransa: "Mercure."

Uso ukamchanua. Akakunja suruali, akanionyesha kovu la gotini. "Ah, mercurochrome! Ile dawa ya rouge! Kumbe batu banaichimbaka?"

Hapo mwenye akili angetabasamu. Mimi nikacheka. Nikamweleza kwamba zebaki haina wekundu wowote, inang'aa kama fedha, ni ile ya kwenye kipimajoto. Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea.

"Iko rouge," mzee akasema taratibu, akishusha suruali.

"Siyo, papa."

"Bon. Onyesha."

Nikafungua kompyuta kwa madaha, nikaweka picha ya mgodi wangu. Lahaula! Mwamba mwekundu, kifusi chekundu, hata vumbi jekundu. Miaka minne nausoma, nimesahau kwamba zebaki huchimbwa ikiwa jiwe jekundu. Huko kung'aa huja likishachomwa tanuruni.

"Donc?" mzee akauliza.

Mama mtu kasimama na mwiko mlangoni. Mchumba wangu ananitazama kama mtu anayeaga. Nilikuwa na maelezo ya nusu saa, yananiwasha kooni. Lakini mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi.

"Iko rouge, papa."

"Voilà! Maman, leta bukari. Huyu anasikiaka."

Tukala ugali, tukaoana.

Miaka kadhaa baadaye binti yetu alianguka na baiskeli kando ya mfereji. Babu yake akampaka dawa yake nyekundu gotini. "Usilie. Hii, papa yako njo aliichimba kwa mulima."

Mtoto akanigeukia, machozi yamekatika ghafla. "Kweli, papa?"

Mzee naye akanitazama, kichupa mkononi.

"Kweli," nikasema, mimi daktari wa historia ya zebaki.