Mshika Nguo wa Bwana Mchanga

Mtaani kwetu ukiuliza ni nani anayependa ufukwe kuliko watu wote, utaonyeshwa nyumba ya dada yangu kabla hujamaliza swali. Utaambiwa wanaupenda wote wawili, mume na mke, wako kama chanda na pete, kila siku ya mapumziko unawaona wanashuka na kikapu chao. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Ile nusu nyingine niliinyamazia miaka mingi kwa kuombwa na dada, na kunyamaza si kazi niliyozaliwa nayo.

Mume wa dada, yaani shemeji yangu, ni kinyozi. Kinyozi hodari, sikatai. Lakini ukikaa kwenye kiti chake unanyolewa ukitazamana na picha ya mchanga mweupe aliyoibandika juu ya kioo, na taulo analokufunga shingoni lina chembechembe zinazokuwasha mpaka jioni. Ndiyo maana wateja wanamwita Bwana Mchanga, na jina lenyewe analipenda. Siku ya mapumziko huanza kuvua shati hata maji hajayafikia. Anamkabidhi dada shati, suruali, viatu, saa na miwani, kisha anaingia baharini na kusahau kama ana familia. Akitoka anajilaza juani, anageuka upande wa pili, anarudi tena majini. Dada anakaa palepale na furushi la nguo mapajani, mtandio kichwani, anatabasamu. Akipungiwa mkono, naye anapunga.

Watu waliona tabasamu wakasema, mtazame anavyofurahi. Mimi niliona jasho.

Maana dada alifanya kazi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa tangu usichana wake. Chumba kiko chini ya jengo, dirisha lake ni la jina tu, na katikati kuna mashine ya kupigia mashuka pasi, ndefu kuliko vitanda viwili, inayotema mvuke kutwa nzima. Mikono yake ina alama za kuungua kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na kukiwa na joto zinamwasha. Wakati wa chai wenzake walitoka nje kukaa kivulini. Yeye alipanda jikoni, akafungua chumba baridi wanamohifadhi mboga, akasimama katikati ya makreti ya karoti mpaka mpishi amfukuze.

"Mama wa dobi, utaganda humo!"

"Niache nigande kidogo," dada alimjibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake. Halafu inafika siku ya mapumziko, mtu aliyepikwa wiki nzima anapelekwa kuanikwa. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hasemi. "Ah, mdogo wangu," alikuwa akiniambia, "yeye naye anasimama kutwa juu ya vichwa vya watu. Mwache afurahi." Basi nikawa nameza mate tu.

Alipostaafu, hoteli ilimfanyia sherehe ndogo kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Meneja akasimama, akasifu mashuka kwa muda mrefu kuliko alivyomsifu dada, kisha akasema zipo zawadi mbili na achague moja. Ya kwanza, wiki nzima yeye na mwenzake kwenye hoteli ya ufukweni. Ya pili, safari ya meli kwenda nchi za baridi, kutazama milima ya barafu. Hiyo ya pili aliitaja harakaharaka, maana wenzake walishamnunulia dada kofia pana ya jua na ilikuwa imeshafungwa kwenye karatasi ya zawadi. Bwana Mchanga alikuwa mstari wa mbele, ameshaanza kupiga makofi.

"Ya meli," dada akasema.

Makofi yakakatika. Meneja akainamisha sikio. "Umesema ya ufukweni?"

"Ya meli. Ile ya baridi."

Kofia alipewa vilevile.

Zawadi iliweza kubadilishwa kabla mwezi haujaisha, na hapo ndipo vita vilipoanza, vita vya chinichini, vya kuguna na kushusha pumzi mezani. Shemeji hakukataa. Alisema tu, kila alipopita karibu na dada, kwamba maji ya huko mtu huwezi hata kuchovya kidole. Dada aliniita jikoni, tukawa tunamenya viazi. "Hii nikiikosa siipati tena," akaniambia. "Na peke yangu siendi. Nataka naye aone kitu ninachokipenda mimi, angalau mara moja. Nataka nikitazame mpaka nitosheke." Sikuwahi kumsikia dada akisema "nataka" mara mbili kwa mpigo. Kiazi alichokishika alikimenya mpaka kikabaki kama gololi, nikamnyang'anya kisu.

Shemeji alilipeleka suala hilo mahali anapopeleka masuala yote, yaani kwa wateja wake. Je, mtu wa ufukweni ataifurahia meli ya baridi? Dereva mmoja mstaafu alisema bahari ni bahari, chumvi ni ileile. Fundi viatu wa jirani alisema damu iliyozoea jua, huko itagandia mishipani kama mafuta ya kupikia. Walibishana siku kadhaa, na wote walimwonea dada huruma, masikini, anavyoupenda ufukwe, sijui amepatwa na nini. Hakuna aliyefunga safari ya hatua chache kwenda kumuuliza mwenyewe. Mshindi alikuwa mteja mmoja anayesoma sana magazeti. Akiwa na povu mashavuni, alitangaza kwamba kule, majira ya kiangazi, jua linagoma kutua.

Shemeji akasimamisha wembe. "Halitui?"

"Linazama kidogo tu, linarudi."

"Na kwenye meli kuna bwawa la kuogelea?"

"Meli kubwa zote zinalo."

Jua hilo lina joto kiasi gani, shemeji hakuuliza. Na yule mteja, wembe ukiwa kooni, hakuona sababu ya kuongeza neno.

Siku ya kufungasha mizigo nilikwenda kusaidia. Shemeji alipakia kaptula za kuogelea, miwani ya jua, chupa ya mafuta ya kujipaka, mkeka wa plastiki, na ile kofia pana ya dada, maana dada alisema haihitaji.

"Shemeji, beba sweta," nikamwambia.

"Sweta la nini, shemeji? Jua halitui kule."

Dada akanikata jicho nisifungue mdomo. Nikaufunga, tena kwa furaha.

Ya melini nimesimuliwa na dada, na pale alipomwonea mumewe huruma mimi nimetia chumvi. Siku za mwanzo, meli ikiwa bado kwenye maji ya vuguvugu, shemeji alikuwa mfalme. Alitandika mkeka wake kwenye sitaha, akajilaza na kofia ya kike usoni, akamwambia kila mhudumu aliyepita kwamba mkewe ana akili sana. Kisha meli ikaendelea na safari. Asubuhi moja alikwenda kwenye bwawa na kaptula yake, akakuta maji yanafuka mvuke, akaingia, akafurahi. Tatizo lilikuwa kutoka. Dada anasema alitoka akikimbia kama kuku aliyemwagiwa maji, na tangu hapo kaptula zikavaliwa juu ya suruali, mashati yote yakavaliwa kwa pamoja, na juu ya yote sweta la dada lenye vifungo vya maua. Picha ipo. Mtaa mzima umeiona, mimi mwenyewe nimehakikisha.

Alihamia kwenye ukumbi wa chakula, meza ya karibu kabisa na sufuria la supu. "Jua lenu ni la maonyesho," alimlalamikia mhudumu. "Linang'aa, haliunguzi." Mhudumu akamwongezea supu.

Na dada? Dada alifungua kifungo cha koti. Alisimama kwenye vyuma vya ukingoni, upepo ukimpiga usoni, akaona milima inatoka ndani ya ukungu. Lakini hata hapo mazoea hayakumwacha. Kila baada ya kitambo kidogo alikimbilia ndani kumwangalia bwana, kumpelekea chai, kumfunika miguu. Akirudi nje, mlima umeshapita. Safari nzima ilikuwa inamponyoka hivyo, vipandevipande, na alikuwa analijua hilo.

Ikafika siku ya ukuta wa barafu, ambao ndio watu walioufuata. Nahodha alitangaza kwamba meli itasimama mbele yake. Dada akamwinua mumewe kutoka kwenye supu, wakatoka. Shemeji akakaa kwenye benchi karibu na mlango, blanketi mpaka masikioni, akautazama ukuta.

"Nimeshauona," akasema. "Ni mweupe. Turudi ndani, mke wangu."

Dada aliniambia mguu wake mmoja ulishageuka. Ulikuwa unarudi ndani wenyewe, kama ulivyozoea. Akausimamisha. Akavua mtandio, akauweka mapajani mwa mumewe. Akaweka na mkoba, na chupa ya chai, na glavu zote mbili.

"Nishikie," akasema, akaenda zake mbele.

Akakaa huko. Kipande cha ukuta kikubwa kama hoteli nzima kikameguka kikaingia majini, na mlio wake ukafika baadaye, ukamtikisa kifua. Hewa iliyotoka pale ilimfunika uso wote kwa pamoja. Dada alicheka kwa sauti peke yake, mama mzima, machozi yakimtoka. Watu wengine walipiga picha wakaingia ndani kujipasha moto. Yeye hakuingia. Aliniambia alikuwa anahesabu alama za pasi mikononi mwake na hakuna hata moja iliyokuwa inawasha.

Alipogeuka, muda ulikuwa umekwenda sana. Shemeji alikuwa bado kwenye benchi, pua nyekundu, furushi mapajani. Alipoona dada anamtazama, akatabasamu na kumpungia mkono. Dada naye alipunga, kisha akaushusha mkono. Tabasamu lile alilijua. Alilivaa yeye kila siku ya mapumziko tangu alipoolewa.

Wakati wa chakula shemeji hakugusa supu. Alizungusha kijiko muda mrefu.

"Mama watoto," akasema. "Pale ufukweni, ukinishikia nguo, huwa unawaza nini?"

"Nawaza utatoka saa ngapi."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Shemeji akaweka kijiko chini. Alikuwa amekasirika, tena ile hasira ya mtu anayejua hana haki nayo. "Na wewe leo umeniuliza? Umenibwagia mizigo ukaenda zako. Nimekaa pale nikakaribia kuwa samaki wa friji."

"Sikukuuliza," dada akasema. "Nilitaka nijue inakuwaje, mtu kufurahi huku mwenzake anamshikia vitu."

"Inakuwaje?"

Dada angeweza kusema uongo hapo. Ndiyo kawaida yake, uongo wa upole. Nilipomuuliza alimjibu nini, uso wake ulilegea, akatazama pembeni.

"Nilimwambia ni tamu," akaniambia. "Ni tamu sana, mdogo wangu. Sikumfikiria hata kidogo."

Siku zilizobaki shemeji alitoka nje kwenye sitaha kila asubuhi bila kuitwa, akakaa kwenye benchi, akashika mkoba. Hakusema anafurahi. Dada hakumuuliza.

Waliporudi, wateja walijaa kwa kinyozi kutaka jibu la swali lao. Mtu wa ufukweni ameifurahia meli ya baridi? Bwana Mchanga aliwanyoa kimya, na nasikia siku hiyo fundi viatu alitoka na upara upande mmoja.

Siku ya kwanza ya mapumziko nilikuwa kwao, tunakunywa chai. Shemeji akatoka chumbani na kikapu, akafika mlangoni, akasimama. Akakohoa.

"Unakuja?" akamuuliza dada. Nusura nipaliwe na chai, maana swali hilo halijawahi kuulizwa ndani ya nyumba ile.

"Siji," dada akasema.

Akaendelea kusimama. Nilimwona anahesabu kichwani: shati, suruali, viatu, saa, miwani. "Sasa nguo zangu atazishika nani?"

Dada akaivuta feni, akaigeuza imwelekee yeye, akafumba macho. "Ingia nazo."

Aliingia nazo. Mchana tulimsikia anapanda mtaa, viatu vikilia maji, suruali imemgandia mapajani, na shati linachuruzika njia nzima. Fundi viatu akatoka kibandani kwake.

"Bwana Mchanga! Umeanguka majini?"

"Hapana," shemeji akasema bila kusimama. "Mke wangu amestaafu."