Uzee wa Bondeni

Katika miaka ya tisini tulikaa bondeni, chini ya mji wa Nyeri, karibu na machimbo ya mawe. Mama aliwapikia wachonga mawe githeri ya mahindi na maharagwe. Kwa sababu ya mvua na baridi alikoka moto ndani, kwenye chumba hicho hicho tulicholala, na vumbi la mawe liliingia bila kubisha hodi. Akaanza kukohoa. Mtaa mzima ulikohoa, kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Mimi nilifanya kazi ya nyumba kule juu, penye bustani na ua wa michongoma, kwa mwalimu mstaafu. Bibi huyo alikuwa amepita miaka themanini. Alipogoa mawaridi yake mwenyewe na kunigombeza chai ikipoa. Marafiki zake walikuja wakapanga safari, ati mwakani waende Mombasa! Bondeni hatukuwa na mtu wa umri huo hata mmoja, na wala sikushangaa.

Kisha kaka yangu akapata binti. Kwa desturi yetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na huyo nyanya husemwa kuwa amezaliwa tena. Tangu siku hiyo majirani walimwita mama cucu, yaani nyanya, wakamwachia kiti popote alipofika. Alifurahi sana. Baba naye akapata jibu la kila kitu.

"Baba, hiki kikohozi kimezidi. Wacha nimpeleke hospitali."

"Akawaambie nini huko, ati amezeeka? Mama yako ameshazaliwa tena. Huo ni uzee, mwache apumzike."

Hakuwa mkatili. Aliamini hivyo, na majirani waliamini. Hata mama, siku aliyotema damu kwenye leso, aliikunja tu akaniambia nisimsumbue, mjukuu ameshamwona. Hospitali ilionekana kutoka mlangoni petu, pale juu, mabati yake yaking'aa. Nilikasirika mpaka hasira yenyewe ikachoka. Baada ya hapo niliosha vyombo vya watu na kurudi nyumbani, basi.

Asubuhi moja baba alikwenda Gatitu kutafuta mbao. Nikamwomba mama tena, na mara hii akakubali. Tulipanda polepole. Katikati ya mlima pumzi ikamwishia, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara. Akapita mwanamke wa kule juu, nywele nyeupe pepe, kikapu mkononi, akitembea kama anayewahi kanisa. Mama alijaribu kusimama amsalimie kwa heshima. Miguu ikakataa.

"Turudi," akasema. "Mimi nimezeeka, unaona mwenyewe."

Nilimwona yule mwanamke akipotea kwenye kona. Sikubishana. Nilimshika mama mkono tukashuka.

Alikufa kabla ya mvua za Aprili. Kaburini mhubiri alimshukuru Mungu kwa maisha marefu aliyomjalia, watu wakaitikia amina, na mimi pia. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Wanawake walisema nina moyo mgumu. Waseme.

Mwalimu alikuwa amekuja, akiwa na matope hadi kwenye soksi, akasimama kati yangu na baba. Watu walipoanza kutupa udongo aliniinamia.

"Pole, msichana wangu. Mama alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

Aliniangalia kama aliyesikia vibaya, nikarudia.

"Huyo ni rika la kitinda mimba wangu," akasema. "Juzi tu ameanza kujenga."

Baba alisikia. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Kisha akanivuta kando na kuniuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyepotea sokoni:

"Kwani huko juu, uzee huanza lini?"